Kiwanja kimepimwa: kimepimwa na nani, na ramani yake iko wapi?

Katika matangazo ya viwanja yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme Chanika, Bunju, Kigamboni au Kibaha, na siku hizi zaidi kwenye simu, kuna neno moja linalopandisha bei: kimepimwa. Kiwanja kinachotajwa kuwa kimepimwa huuzwa ghali kuliko cha jirani ambacho hakijapimwa, hata kama vyote viwili vinatazama barabara ileile ya vumbi. Kwa kijana au familia inayonunua makazi kwa mara ya kwanza, neno hilo huonekana kumaliza maswali yote. Dalali hulitamka, mnunuzi hupumua, na fedha hutolewa.

Tatizo ni kwamba neno hilo halina maana moja sokoni. Kila anayelitumia huweza kuwa anasema kweli kwa namna yake, na mnunuzi akabaki bila ulinzi wowote. Makala haya yanaeleza upimaji halali wa ardhi nchini Tanzania unavyokwenda, unathibitisha nini na hauthibitishi nini, na kwa nini mnunuzi wa mara ya kwanza anapaswa kuuhakiki kabla ya kulipa.

Neno moja, maana tatu

Maana ya kwanza ndiyo ya zamani kuliko zote. Muuzaji anatembea, anahesabu hatua, anachomeka mti kila pembe na kusema kiwanja ni miguu 20 kwa 20. Mauzo ya aina hii bado ni ya kawaida pembezoni mwa miji. Lakini hatua ya mtu haina urefu maalumu. Ikiwa hatua ya muuzaji ni sentimita 75, kiwanja hicho ni mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225. Ikiwa ni sentimita 90, ni mita 18 kwa 18, yaani mita za mraba 324. Tofauti ni mita za mraba 99, eneo linalotosha nyumba ndogo ya vyumba viwili na choo chake. Miguu yote miwili ilikuwa 20, na hakuna aliyesema uongo.

Maana ya pili ni ya kisasa na ndiyo inayowachanganya wengi. Kampuni au mtu binafsi ananunua shamba, anamleta mtaalamu mwenye vifaa vya kupokea mawimbi ya satelaiti, anagawa vipande, anachimbia vigingi vya zege na kuchora ramani yenye rangi. Kazi inaweza kuwa nzuri na vipimo vikawa sahihi. Lakini kama ramani hiyo haijaidhinishwa serikalini, kisheria bado ni mchoro wa mwenye shamba. Mnunuzi akiuliza, hujibiwa kwamba upimaji upo kwenye mchakato. Mchakato huo unaweza kwisha baada ya miezi, unaweza kuchukua miaka, na unaweza kukwama moja kwa moja iwapo itabainika kuwa eneo lilikuwa limepangiwa matumizi mengine.

Maana ya tatu ndiyo inayotambuliwa na sheria. Upimaji umefanywa chini ya mpima aliyesajiliwa, umekaguliwa, ramani imeidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani katika wizara inayohusika na ardhi, na imepewa namba ya usajili. Hapo ndipo kiwanja kinapata utambulisho kamili: namba ya kiwanja, kitalu na jina la eneo. Kwa hiyo muuzaji akisema kiwanja kimepimwa, swali la kwanza la mnunuzi liwe fupi: ramani iliyoidhinishwa ni namba ngapi? Mwenye upimaji wa maana ya tatu hatapata shida kulijibu.

Safari ya kiwanja hadi hati

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachonunua mtu ni haki ya kuitumia kwa muda, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ili hati itoke, kiwanja hupita hatua zinazofuatana.

Kwanza huandaliwa mchoro wa mipango miji, unaoonyesha wapi ni makazi, wapi ni shule, soko, barabara au eneo la wazi. Mchoro huo ukiidhinishwa, mpima huuhamishia ardhini kwa kuweka mawe ya mipaka, ambayo wengi huyaita bikoni, kila kona ya kiwanja. Kisha ramani ya upimaji huwasilishwa na kuidhinishwa. Baada ya hapo hufuata umilikishaji, na mwisho hati, ikiwa na ramani ndogo ya kiwanja iliyoambatishwa.

Mpangilio huu una funzo kwa mnunuzi. Mpango hutangulia jiwe. Bikoni iliyopandwa mahali ambapo hapana mchoro ulioidhinishwa haina kitu cha kuitegemeza, hata ikiwa imenyooka na kuandikwa namba kwa ustadi.

Kuna pia maeneo yaliyojengwa kabla ya kupangwa, na sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni ya namna hiyo. Huko zipo njia mbili zinazotajwa sana. Moja ni leseni ya makazi, ambayo ni haki ya muda mfupi na haitegemei upimaji kamili. Nyingine ni urasimishaji, ambapo wakazi huchangia gharama, eneo linapangwa na kupimwa jinsi lilivyo, barabara zinaachiwa nafasi, na wenye viwanja huweza kuomba hati. Mnunuzi anayeambiwa kuwa mtaa uko kwenye urasimishaji aulize umefikia hatua gani: mchoro umeidhinishwa, mawe yamewekwa, au fedha ndiyo kwanza zinakusanywa? Aulize pia kama njia mpya inakata kiwanja anachotaka kununua, kwa sababu urasimishaji hupata nafasi ya barabara kwa kumega viwanja vya watu.

Maswali matatu, majibu tofauti

Kosa linalojirudia ni kutafuta jibu la swali moja katika karatasi inayojibu swali jingine. Nyuma ya kila kiwanja kuna maswali matatu.

La kwanza ni la nani? Jibu lake liko kwa Msajili wa Hati, na hupatikana kwa kufanya upekuzi rasmi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu ya kiwanja. Hapa pia huingia suala la mwenza: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

La pili ni kinaanzia wapi na kuishia wapi? Jibu lake liko kwenye ramani ya upimaji, na pale kwenye kiwanja, kwenye mawe.

La tatu ni panaruhusiwa kufanya nini? Jibu liko kwenye mchoro wa mipango miji katika halmashauri, na katika sheria nyingine zinazogusa eneo hilo, hasa za barabara na mazingira.

Muhuri wa serikali ya mtaa, ambao wanunuzi wengi huutegemea kuliko kitu kingine chochote, haujibu kikamilifu hata moja kati ya hayo. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba anamfahamu muuzaji na kwamba hakuna ugomvi anaoujua. Ushahidi huo una thamani, hasa mahali ambapo hakuna hati. Lakini ofisi yake haiweki ramani zilizoidhinishwa, wala haina mamlaka ya kumilikisha kiwanja cha mjini.

Alama ya X

Dar es Salaam imelipa gharama ya kutenganisha maswali haya vibaya. Mwaka 2017, upanuzi wa Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya ulibomoa nyumba kwa mamia. Kwa eneo hilo, serikali ilishikilia kuwa hifadhi ya barabara ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati, kwa misingi ya sheria za zamani za barabara. Wapo waliokuwa wameishi hapo kwa miaka mingi, wakalipia huduma za umeme na maji, na wengine wakawa na karatasi za mauziano zenye mihuri yote. Kwao jibu la swali la kwanza lilionekana kuwepo. Swali la tatu ndilo lililowabomolea.

Kwa barabara kuu na za mkoa kwa ujumla, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ndipo wakazi wa kando ya barabara walipojifunza tofauti ya rangi. X nyekundu ilimaanisha kwamba mwenye nyumba aliifuata barabara, akajenga ndani ya hifadhi ya zamani, na hakuna fidia. X ya kijani ilimaanisha kwamba barabara ndiyo iliyomfuata, na anastahili kulipwa. Mita 7 na nusu zilitenganisha familia yenye fidia na familia isiyo nayo. Mpima angeweza kuzionyesha siku moja kabla ya kiwanja kununuliwa.

Hali kama hiyo ilionekana Desemba 2015, ubomoaji ulipoanza katika bonde la Mto Msimbazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa, mabwawa na ufukwe wa bahari. Mnunuzi anayeonyeshwa kiwanja wakati wa kiangazi, karibu na mkondo uliokauka, anahitaji kujua mita hizo 60 zinafika wapi. Jicho halitoshi, na muuzaji hana sababu ya kuzitaja.

Funzo kutoka Kenya

Nchini Kenya, hati za umiliki zimeenea zaidi, na mtu anaweza kudhani kuwa huko shida hii imekwisha. Matukio yanaonyesha kinyume chake. Novemba 2011, nyumba za Syokimau karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta zilibomolewa kwa madai kuwa zimejengwa kwenye ardhi ya uwanja huo. Oktoba 2023, ubomoaji mwingine ulifanyika Mavoko, kaunti ya Machakos, baada ya mahakama kuamua kuwa ardhi ni ya kiwanda cha saruji. Katika matukio yote mawili, wakazi walisema walinunua kwa nia njema na wana karatasi.

Uamuzi uliobadilisha hesabu ulitoka Aprili 2023. Mahakama ya Upeo ya Kenya ilisikiliza kesi ya kiwanja cha Nyali, Mombasa, ambacho awali kilikuwa eneo la wazi la umma, na ambako serikali ya kaunti ilikuwa imebomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufukweni. Mahakama ilisema hati pekee haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa lugha nyepesi, mnunuzi anatakiwa kufuata mizizi ya hati hadi chini, na mizizi hiyo mara nyingi imo kwenye ramani ya zamani inayoonyesha eneo lilikuwa limetengwa kwa ajili gani.

Sheria za Kenya na Tanzania hazifanani, na hukumu ya Mombasa haifungi mahakama ya Dodoma. Lakini mwelekeo ni mmoja: kila siku, jukumu la kuchunguza linasogezwa karibu zaidi na mnunuzi.

Mthamini na mpima

Wanaonunua kwa mkopo wa nyumba hukutana na mkanganyiko mwingine. Benki humtuma mthamini, naye huandika ripoti ya thamani ya nyumba. Mnunuzi huona mtaalamu amekuja, amepiga picha, amepima vyumba, na hudhani kila kitu kimehakikiwa.

Mthamini, ambaye kazi yake inasimamiwa na sheria ya mwaka 2016 ya uthamini, hujibu swali la benki: mali hii ikiuzwa, itarudisha mkopo? Hatafuti bikoni zote nne. Hasemi kama ukuta wa jirani umeingia mita moja, wala hachunguzi kama ufa wa ukutani ni wa lipu au wa msingi. Anayenunua nyumba iliyokamilika, au pagale la kumalizia mwenyewe, anahitaji mpima kwa ajili ya mipaka, na mhandisi au fundi mzoefu asiye wa muuzaji kwa ajili ya jengo. Kibali cha ujenzi kitazamwe pia, kwa sababu nyumba inaweza kuwa ndani ya mipaka yake na bado ikawa imejengwa bila ruhusa.

Siku ya uhakiki

Mpima aliyesajiliwa akiajiriwa na mnunuzi huanza ofisini. Anachukua ramani iliyoidhinishwa na viwianishi vya kila kona, kisha anakwenda kiwanjani kutafuta mawe. Yakiwepo, anapima kama yako mahali pake, kwa sababu bikoni hung'olewa na trekta, hufukiwa na mafuriko, na wakati mwingine husogezwa usiku. Yasipokuwepo, anaweza kufufua mipaka kwa kufuata ramani. Kazi hii ifanyike mchana, majirani wa pande zote wakiwa wameitwa, na ikiwezekana watie saini kwamba wameonyeshwa mipaka. Jirani anayenung'unika siku hiyo ni habari muhimu kuliko karatasi yoyote iliyo mkononi mwa dalali.

Programu ya ramani kwenye simu haiwezi kuchukua nafasi ya kazi hii. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa hata mahali pa wazi, na kwenye kiwanja chenye upana wa mita 15, kosa la mita 5 ni theluthi nzima. Zaidi ya hapo, ramani nyingi za zamani zilitumia mfumo wa viwianishi usiolingana na ule wa satelaiti. Mtu asiyejua akiingiza namba za mfumo mmoja kwenye mwingine, kiwanja huhama mamia ya mita. Watu wameonyeshwa viwanja visivyo vyao kwa namna hiyo bila hata nia ya udanganyifu.

Majibu yakitoka, huwa ya namna tatu.

Vipimo vikilingana na ramani, mnunuzi aendelee, na maelezo ya kiwanja yaingizwe kwenye mkataba kama yalivyo kwenye ramani: namba, kitalu, eneo na ukubwa. Sheria ya Ardhi inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi.

Kukiwa na upungufu mdogo, kuna nafasi ya kujadiliana. Chukua mfano wa kiwanja kinachouzwa shilingi milioni 18 kwa mita za mraba 600, yaani shilingi 30,000 kwa kila mita. Kikikutwa na mita 540, pungufu ya mita 60 ni shilingi 1,800,000. Mnunuzi ambaye hajalipa anaweza kuomba bei ishuke kwa kiasi hicho. Aliyekwisha kulipa ana njia ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nayo ni njia ndefu.

Kiwanja kikiingia kwenye hifadhi ya barabara, kingo za mto, eneo la wazi au ndani ya kiwanja cha mtu mwingine, hakuna punguzo la bei linalotibu. Hapo ni kuondoka. Maneno kwamba wengi wamejenga na hakuna aliyeguswa yalisemwa pia Kimara.

Mzigo wa nani?

Ni haki kuuliza kwa nini mnunuzi mwenye kipato cha kawaida abebe kazi hii yote. Sehemu ya jibu ni historia. Miji ilikua haraka kuliko upangaji. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulionyesha kwamba serikali inaweza kupima kwa wingi, lakini mahitaji yalizidi, na pengo likazibwa na soko lenyewe: wenye mashamba, kampuni za viwanja na madalali. Soko hilo limewapatia watu wengi makazi. Limeuza pia neno kimepimwa kwa bei ya upimaji ulioidhinishwa, hata pale ambapo uidhinishaji haupo.

Hali ingebadilika sana kama kila tangazo la kiwanja lingetakiwa kutaja namba ya ramani iliyoidhinishwa, na kama mwananchi angeweza kuingiza namba hiyo kwenye simu na kuona mchoro wa eneo, ikiwa ni pamoja na hifadhi za barabara na kingo za mito. Kenya ilizindua mfumo wake wa kidijitali wa Ardhisasa Aprili 2021, ukianzia Nairobi, na Tanzania nayo imekuwa ikihamishia kumbukumbu za ardhi kwenye mifumo ya kompyuta. Hatua hizo zitamfaa mnunuzi pale ramani zitakapofunguka kwake kama zinavyofunguka kwa ofisa.

Mpaka hapo, mpangilio wa mambo ndio kinga ya mnunuzi. Upekuzi kwanza, mpima pili, mkataba mbele ya wakili tatu, na fedha mwisho. Muuzaji anayeharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine njiani aambiwe kwamba mpima anakuja kesho asubuhi. Mwenye kiwanja halali hupoteza siku moja tu kwa kusubiri.